Mchu wa jangwani, na ile njia ya mbao mnayotaka kujenga Tanga

Kuna kijana wa Tanga yuko Abu Dhabi mwaka wa 4 sasa, kazi yake ulinzi, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Ijumaa iliyopita tulikuwa off tukaenda Jubail, ile hifadhi ya mikoko ya hapa Abu Dhabi, na wenzangu, tukalipa kiingilio tukatembea kwenye ile njia ya mbao katikati ya mikoko. Nimeshangaa, hii mikoko inaishije huku, mvua hamna, mto hamna, joto kama tanuri? Halafu huu utalii unalinda kweli au ni selfi tu? Nauliza kwa sababu kikundi cha kijijini kwetu wanataka kujenga njia kama ile, wameniomba nichangie, na nina akiba kidogo sitaki iende majini."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni moja ingawa umelikata mara tatu, utaona huko mbele.

Kwanza huo mti uliouona unaujua vizuri sana, ni mchu. Huu huu mchu wa kwetu, ule ambao mizizi yake inachomoza kwenye tope kama vidole ukikanyaga pekupeku unaruka. Kwetu mchu una ndugu zake wengi, kuna mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, msikundazi, wote wanagawana tope kila mmoja na mahali pake. Ukivuka kwenda upande wa Uarabuni wa Ghuba ndugu wote wamekimbia amebaki mchu peke yake. Waarabu wanauita qurm, na ule mtaa wa Muscat unaoitwa Qurm umepata jina hapo, ni kama sisi tungesema mtaa wa Mikoko. Waajemi ng'ambo ya pili wanauita hara, na wataalamu wa mimea wanauita Avicennia, jina walilompa kwa heshima ya Ibn Sina yule tabibu. Kwa hiyo mti wetu wa kuchomea chokaa una jina la mwanachuoni, mimi hilo hunifurahisha kila mara.

Sasa anaishije. Watu wengi wanadhani mkoko unahitaji maji baridi ya mto, hapana. Mkoko unahitaji bahari ipande na ishuke. Mto ukiwepo unasaidia, unapunguza chumvi na unaleta chakula, ndiyo maana Rufiji miti ni mirefu vile, lakini mto siyo sharti. Mchu una mbinu 2 kubwa. Chumvi nyingi inazuiliwa kwenye mizizi isipande na maji, na ile inayopita inatolewa na tezi ndogo kwenye majani. Siku nyingine ukienda Jubail asubuhi kabla ya jua kali, chukua jani lilambe, utaonja. Mbinu ya pili ni vile vidole. Tope la pwani halina hewa kabisa, linanuka yai bovu kwa sababu hiyo, kwa hiyo mti unatuma mizizi juu ivute hewa maji yakipwa, na mti mmoja mkubwa unaweza kuwa na maelfu ya vidole hivyo. Shika hili la vidole, nitalirudia maana ndipo pesa yako ilipo.

Ila kuishi siyo kunawiri. Bahari ya Tanga ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, hapo Abu Dhabi inapita 40 na kwenye mahori yaliyojifungia inapita hata 50, kwa sababu jua linakausha maji na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Kiangazi joto linapita 45, halafu Januari inakuja baridi ambayo mti wa pwani ya joto hauipendi. Ndiyo maana umeona miti mifupi, mita 3, mita 5, imejikunja kama wazee kwenye baraza. Na hapa kuna kichekesho cha historia. Karne na karne majahazi yalikuwa yanatoka Lamu na Rufiji yamejaa boriti za mikoko kwenda Muscat, Bahrain, Kuwait, hadi Basra, kwa sababu mchu wao haukuwa na urefu wa kuezekea nyumba. Nyumba za zamani za Ghuba zina vyumba vyembamba kama vya Mji Mkongwe kwa sababu ile ile, upana wa chumba ni urefu wa boriti basi. Biashara ile ilikula misitu yetu mpaka Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Kwa hiyo babu yako akipeleka mikoko Uarabuni, wewe umeenda kulipa kiingilio kuiona huko. Haya.

Kuna mtu mmoja lazima nikutajie kwenye hili la jangwa, Gordon Sato, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mtaalamu wa seli siyo wa misitu. Utotoni wakati wa vita kuu ya pili alifungwa na familia yake kwenye kambi ya Manzanar huko jangwani California, na alipokuja Eritrea kusaidia watu wapate chakula akaupa mradi wake jina hilo hilo. Pwani ya Eritrea ni kame kweli kweli, na mikoko ilikuwa imeota vipande vipande tu, pale ambapo maji ya mvua ya msimu yanashuka kutoka milimani. Kila mtu alisema ni kwa sababu ya maji baridi. Sato akasema siyo maji, ni kile maji yanachobeba: naitrojeni, fosforasi na madini ya chuma, vitu ambavyo maji ya bahari pale hayana vya kutosha. Akachukua mifuko midogo ya plastiki, akaweka mbolea, akaitoboa vitundu vichache itoke polepole, akafukia kando ya kila mche na kipande cha chuma. Pale kijiji cha Hargigo karibu na Massawa ikaota mahali ambapo haikuwahi kuota, mamia ya maelfu ya miti, na watu wakalisha mbuzi na kondoo majani yake. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Blue Planet. Mimi namheshimu sana yule mzee, amefariki 2017, lakini hata hapo kuna la kujiuliza, ukiotesha mti mahali ambapo asili haikuuweka umefunika kitu kingine kilichokuwa pale, na kitu hicho kilikuwa na kazi yake. Kwa watu wenye njaa jibu ni rahisi. Kwa nchi yenye mafuta jibu siyo rahisi hivyo.

Maana hapo ulipo wameahidi kupanda mikoko milioni 100 ifikapo 2030, walitangaza Glasgow kwenye mkutano wa tabianchi wa 2021. Kupanda wamekuanza zamani, tangu enzi za Sheikh Zayed, rais wao wa kwanza, miaka ya 70, siku hizi wanamwaga mbegu hata kwa droni. Na tuwape haki yao, kupanda kwao kumeleta matokeo, msitu wa Abu Dhabi umetanuka wakati sehemu nyingi za dunia unapungua. Lakini mwambao ule ule umechimbwa na kufukiwa kujengwa visiwa na bandari, na unapochimba unafukia majani ya bahari ambayo ndiyo malisho ya nguva. Nguva wa Abu Dhabi ni wengi kuliko mahali pengine popote duniani ukiacha Australia, ni kama 3,000, na nguva hali mkoko, anakula majani ya bahari. Nimekwambia hilo ili ujue kwamba mche mmoja kwenye picha haukwambii mwambao mzima unaendaje. Hata ile hesabu ya kaboni, yaani hewa ya ukaa ambayo msitu unainyonya na kuifungia, mikoko ya jangwani inahifadhi kaboni kidogo kuliko ya sehemu za mvua, na iliyopandwa juzi ina kidogo zaidi chini ya tope kuliko ya asili, kwa sababu hazina yenyewe iko kwenye udongo na udongo unachukua miaka mingi kujijaza. Kwa hiyo mchu wa zamani mmoja usiukate eti utapanda 10.

Sasa utalii wenyewe. Jubail imefunguliwa kwa wageni 2020, na wazo la ile njia ya mbao ni zuri kuliko watu wanavyofikiri. Kazi yake kubwa siyo kukuonyesha mikoko, kazi yake ni kukuzuia wewe usikanyage. Rudi kwenye vidole. Watu 50 wakipita mahali pamoja kwenye tope kila siku, vidole vinavunjika, tope linashindiliwa, mti unaanza kukosa pumzi, na mchu haufi siku hiyo, unakufa polepole mwaka ujao au ule mwingine, hakuna anayekumbuka nani alipita. Vita vya Ghuba 1991 vilifundisha somo hilo kwa njia mbaya, mafuta yaliyomwagika yalifunika vidole kwenye pwani ya Saudia, mti hauhitaji kuchomwa wala kukatwa, ziba pua tu. Kayaki nazo ni sawa ilimradi mkondo una maji, maji yakipwa watu wanaanza kushuka kusukuma boti na hapo ndipo uharibifu unapoingia.

Lakini kuna ngazi mbalimbali za kumruhusu mgeni na napenda kwamba Ghuba wamejaribu zote. Dubai kuna Ras Al Khor, jina lenyewe ni Kiswahili kabisa, rasi ya hori, hori letu limetoka kwenye khor yao. Pale huingii kabisa, unakaa kwenye kibanda ukingoni unawaangalia heroe kwa darubini, basi. Kalba upande wa Sharjah kuna mchu mkongwe na kuna mdiria wa aina yake anayejulikana kwa jina la pale pale, ni wachache sana, na mwaka 2012 serikali ikasema inatosha, ikafunga wageni wasiingie. Miaka kadhaa hakukuwa na tiketi wala kayaki, ingawa baadaye pamefunguliwa tena. Pesa ilikosekana na ndege akapumua. Hilo ndilo jaribio la kweli la utalii wa mazingira kwa maoni yangu: je, mnaweza kusema leo hatupokei wageni? Kama jibu ni hapana, ninyi ni wafanyabiashara wa kawaida na si dhambi, ila msijiite wahifadhi.

Na hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya ulipo na ulipotoka, kijana wangu. Kalba iliweza kufunga kwa sababu mshahara wa mlinzi hautoki kwenye tiketi, unatoka serikalini. Kiingilio chako cha Jubail hakilindi msitu, msitu ungelindwa hata usingekuja. Kwenu ni kinyume, tiketi ndiyo mshahara, ndiyo misumari, ndiyo ubao mpya. Kwa hiyo usiige Jubail. Ukitaka kuiga, iga majirani.

Gazi, Kwale, si mbali na mpaka wetu. Kina mama wa pale wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, wanakupitisha, wanakueleza mti huu dawa ya hiki ule wa kile, ukimaliza unakula chakula walichopika wenyewe. Hapo hapo kijijini kuna Mikoko Pamoja, ilianza 2013, wanalinda hekta 117 na kuuza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu wao unaihifadhi. Siyo mamilioni, ni pesa ya kuvuta maji na vitabu vya shule, lakini inaingia hata masika ambapo mtalii hayupo. Umeona? Vitu viwili vinashikana mikono. Mida karibu na Watamu kuna njia ya kuning'inia inayotikisika hadi kwenye kibanda cha kuangalia ndege, na kiingilio kinasomesha watoto wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka, mzazi akiona mtoto wake analipiwa ada na mkoko hukati mkoko mbele yake. Pembeni pale pale Dabaso wana mgahawa wa kaa koko juu ya maji. Na Unguja nenda Pete, ukishaona kima punju wa Jozani wanakuvusha barabara kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko, tiketi ni ile ile.

Mida ina jambo jingine nitakwambia kwa sababu linakuhusu wewe binafsi. Kuna ndege mweusi na mweupe, Waingereza wanamwita crab plover, mguu mrefu, mdomo mnene kama nyundo, anakula kaa. Kiangazi yuko huko Ghuba na Oman, anachimba shimo mchangani anataga yai 1 jeupe ndani ya shimo, mchanga wenyewe unamtamia. Baridi ikianza anashuka mpaka kwetu, Mida unawakuta mamia. Yaani na yeye anafanya kazi Uarabuni anakula likizo nyumbani. Wakifukia tope la kule, sisi tunamkosa huku, na sisi tukiharibu tope la huku wale watalii wa kule na darubini zao hawatamwona. Wahifadhi wanaongea sana kuhusu mipaka, ndege huyu hana pasipoti.

Sasa akiba yako. Usitume kwanza. Waulize kikundi mambo haya na usikubali jibu la haraka haraka.

Barua ya misitu iko wapi? Mikoko yote ya Tanzania bara ni hifadhi ya serikali, chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, hata kigingi kimoja huchomeki bila ruhusa. Nimeona kikundi kimoja, sitaji ni wapi, wamejenga nusu wakaambiwa wang'oe, mbao zimelala ufukweni mpaka zimekuwa kuni.

Nguzo za nini? Wakikwambia tunakata boriti pale pale ni rahisi, kata simu. Siyo utani, wapo wanaokata mikoko kujenga njia ya kuonyesha mikoko.

Nani ataigharamia mwaka wa 3? Hili ndilo linaloua. Tanga bamvua inapanda mita 3 na zaidi, huko ulipo ni kama nusu yake, kwa hiyo kwenu njia inaoga chumvi na kukauka mara 2 kila siku, misumari inakula kutu, mbao zinaoza, mgeni 1 akidumbukia mguu habari inasambaa. Njia fupi ya mita 150 inayotunzwa ni bora kuliko mita 600 ya uzinduzi yenye utepe na mgeni rasmi. Kama mchango wako ni wa kujenga, gawanya nusu uzuie, iwe ya matengenezo.

Itapita wapi? Hapa ndipo waite wale kina mama wanaookota chaza na wazee wa madema, siyo fundi peke yake. Njia isizibe mkondo. Narudia, isizibe mkondo, hata kifusi kidogo cha kushikilia nguzo kikizuia maji kutoka, nyuma yake panakuwa dimbwi, vidole vinazama havipumui, na ndani ya miaka michache mna msitu wa miti mikavu. Jangwani hilo linaonekana haraka zaidi kwa sababu dimbwi likikauka linabaki kama chumvi tupu, kwetu linachelewa lakini linafika. Na kama kuna sehemu kina mama wanategemea kwa chaza, njia ipite kwingine, maana ukimfukuza mama wa chaza kwa ajili ya mtalii umepata adui anayejua kila kichochoro cha msitu.

Halafu wakikwambia wageni watakuwa wanapanda miche, hapo nina neno. Mimi mwenyewe ujana wangu nimepanda, tulipelekwa na mradi mmoja, tumevaa fulana zinazofanana, tumepanda mikoko mia kadhaa kwenye tope jeupe la mbele kabisa kwa sababu pale palikuwa wazi na picha inatoka vizuri. Palikuwa wazi kwa sababu! Maji yanakaa pale muda mrefu mno mche hauwezi, chaza wadogo wakaukamata shina, mwaka uliofuata hamna hata mmoja, na pale ndipo ndege walikuwa wanakula. Mkoko ukiachiwa mkondo mzuri unajipanda wenyewe, unaangusha mbegu zilizokwisha kuchipua mtini, maji yanazigawa. Wageni wapewe kazi nyingine, wahesabu kaa, wafagie plastiki, wanunue asali ya mchu ambayo ni nzuri mno na nyuki hawahitaji njia ya mbao. Kama lazima wapande basi wapande palipokatwa, panapojulikana palikuwa na msitu, na mti wa pale pale siyo ule tu unaoota kirahisi.

Swali lako la selfi nimelijibu nadhani. Selfi haina ubaya, yule mwenzako aliyepiga picha Jubail huenda ndiyo mara yake ya kwanza kujua qurm ni mti wenye uhai. Shida ni mji unapohesabu selfi badala ya kuhesabu kaa. Na usidhani mikoko ni ukuta wa kila balaa, tufani ya Gonu ilipopiga Oman 2007 Qurm yenyewe ilijaa maji, na mengi yalikuja kwa nyuma, kutoka kwenye wadi milimani, mkoko unavunja nguvu ya wimbi la mbele ila hauzuii mto uliojengewa barabara juu yake. Kikundi wakiandika kwenye ombi lao kwamba msitu utazuia mafuriko yote, wafute mstari huo.

Mwambie mwenyekiti wao akutumie picha 2 za mahali hapo hapo, moja maji yamejaa bamvua na nyingine yamekupwa kabisa, na achore kwa mkono njia itapita wapi. Ukishazipata nirushie kwenye wasapu kabla hujatuma hata shilingi.